Iache Sadaka Madhabahuni, Uende Kwanza

Mkulima wa Galilaya aliyemsikia Yesu akisema maneno ya Mathayo 5:23-24 alijua jambo ambalo sisi tunaoyasoma tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya kanisa tunalipita haraka. Madhabahu ilikuwa moja, nayo ilikuwa Yerusalemu. Kutoka Galilaya mpaka huko ni mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu ukikatiza Samaria, na zaidi ukizunguka kwa bonde la Yordani. Mtu amefunga safari, amelala njiani, amefika, amesimama mbele ya kuhani na mnyama wake, ndipo anakumbuka kuwa kule kijijini kuna ndugu ana neno juu yake. Yesu anamwambia: "Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Siku tatu za kurudi nyumbani, na tatu nyingine za kuja tena.

Kwa hiyo waliomsikiliza hawakudhani kwamba anazungumzia kugeuka tu na kumpa mkono jirani wa benchi la nyuma. Walipiga hesabu ya mwendo, posho na siku za kazi zitakazopotea.

Wakristo wengi huomba uongozi wa Kristo kwa mambo ambayo hakuyasema: niolewe na nani, nibaki Mbeya au nihamie Dodoma, nichukue kazi ipi. Maombi hayo ni mema. Ila yapo ambayo alishayasema kwa maneno ya wazi, na swali lake katika Luka 6:46 bado liko palepale: "Na kwa nini mwaniita, Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Hapa nazungumzia moja tu kati ya hayo aliyoyasema, yaani kutengeneza ulichokiharibu kwa mtu, na hasa kumrudishia ulichomchukulia. Naamini ndilo linalorukwa kuliko yote, hata na watu wanaofunga siku 40 na kukesha kila Ijumaa.

Linarukwa kwa sababu tunazo njia nyingi za heshima za kulikwepa. Ya kwanza ni methali. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" ni neno zuri likitoka kinywani mwa aliyekosewa. Likitoka kwa mkosaji linageuka kuwa njia ya kujifutia deni mwenyewe. Ya pili ni ile toba ya jumla ya mkesha wa mwaka mpya: mtu anasimama mbele ya kanisa zima na kusema, "Kama kuna yeyote niliyemkosea, naomba anisamehe." Mwenye kuku wake walioibwa yuko palepale benchi la tano, na hajui kama ametajwa. Ya tatu ni "shetani alinipitia," ambayo inamhamishia kosa mtu asiyeweza kufuatwa kudaiwa. Na ya nne, iliyo ngumu kuiona kwa sababu inafanana na imani, ni kusema kwamba Mungu amenisamehe na mambo yamekwisha. Mungu husamehe kweli, na bure. Lakini msamaha wa Mungu haumrudishii mama wa genge elfu arobaini yake.

Walioyasikia maneno ya Yesu walikuwa na sheria inayoeleza jinsi jambo hili linavyofanyika, nayo iko Mambo ya Walawi 6:1-7. Tazama makosa yaliyoorodheshwa pale: kukana amana uliyowekewa, kunyang'anya, kumwonea jirani, kuokota kilichopotea kisha ukaapa hukukiona. Hakuna hata moja lililo geni kwetu. Mkosaji anarudisha kitu chote, anaongeza sehemu ya tano, na anampa mwenyewe. Baada ya hapo ndipo kondoo wa sadaka ya hatia anatajwa. Kwa hiyo mweka hazina wa kikoba aliyechukua 150,000 ya wenzake anapiga hesabu hivi: sehemu ya tano ya 150,000 ni 30,000, jumla 180,000. Kitabu cha Hesabu 5:6-8 kinaongeza mambo mawili: aungame kwanza kwa mdomo, na kama aliyekosewa hayupo wala hana jamaa wa kupokea, kinachorudishwa kinakuwa cha Bwana, kwa kuhani.

Sehemu ya tano ilikuwa ya mtu aliyejitokeza mwenyewe. Aliyekamatwa naye mnyama akiwa hai alilipa mara mbili, na aliyekwisha kumchinja au kumuuza alilipa kondoo wanne kwa kondoo mmoja na ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja (Kutoka 22:1-4). Ndiyo maana Zakayo anashangaza. Hakuna aliyemkamata, na habari ya Luka 19 haimwonyeshi Yesu akimdai chochote. Alijialika tu nyumbani kwake. Zakayo anasimama na kutaja malipo ya mwizi aliyekamatwa: mara nne. Tena ametanguliza nusu ya mali kwa maskini, kwa hiyo mara nne hiyo inatoka kwenye nusu iliyobaki. Ukipiga hesabu utaona kwamba kama zaidi ya sehemu moja ya nane ya utajiri wake ilitokana na dhuluma, ahadi ile ilimfilisi. Hakununua wokovu kwa fedha hizo, maana Bwana alikuwa amekwisha kuingia kwake. Yale ni matendo ya mtu ambaye moyo wake umeshapata kilicho bora kuliko pesa.

Je, Mkristo wa leo amefungwa na tano hiyo? Mimi sisemi kanisa limtoze mtu. Nasema ni kipimo chema, kwa sababu kinamlazimisha mkosaji kukumbuka kwamba mwenzake alipoteza na matumizi ya kitu, si kitu chenyewe tu. Na pale ambapo miaka mingi imepita, tano haitoshi. Shilingi 50,000 ya zamani haifanyi leo kazi iliyofanya wakati ule. Njia rahisi ni kuuliza ilikuwa inanunua nini. Kama ilikuwa bei ya mbuzi, rudisha bei ya mbuzi wa leo. Kama ilikuwa ada ya muhula, ulizia ada ya muhula ni kiasi gani sasa.

Afrika Mashariki tunayo kumbukumbu ya watu waliolichukua jambo hili kama lilivyo. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari Joe Church aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Bukoba upande wa Tanganyika, na Kenya. Waganda waliwaita watu wa uamsho huo Balokole, yaani waliookoka. Waliojulikana kwa jina hilo walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana, na majirani wasiopenda nyimbo zao walilazimika kuupokea ushahidi huo. Walikuwa wakikutana katika vikundi vidogo "kutembea nuruni", neno lao kutoka 1 Yohana 1:7, na humo mtu alisema dhambi yake kwa jina lake.

Sasa namna ya kufanya. Chukua karatasi, kaa peke yako, omba kwa ufupi, uandike safu tatu: nani, nini, kiasi gani. Saa moja inatosha kwa mara ya kwanza. Andika unayoyakumbuka bila kujikamua. Yesu alisema "ukikumbuka". Hakumtuma mtu achimbe utoto wake wote kutafuta maembe aliyoyachuma kwa jirani. Wenye dhamiri nyepesi kuumia huanza hapa kuteseka, wakiandika mpaka mambo yasiyokuwa makosa. Ukiona karatasi inakuzidishia hofu tu, mpelekee mtu mzima wa imani unayemwamini akusaidie kupunguza.

Usiishie kwenye wizi wa waziwazi. Pitia ujira: dada wa kazi aliyeondoka bila mshahara wa mwezi wa mwisho kwa kisingizio cha sahani zilizovunjika, kibarua wa shamba aliyepewa nusu akaambiwa arudi kesho. Kumbukumbu la Torati 24:15 linataka ujira utolewe siku hiyohiyo, jua lisichwe. Pitia vipimo: mnunuzi wa mazao aliyejaza rumbesa na kulipa kama gunia la kawaida alichukua kilo ambazo hakuzilipia. Pitia kazi za ufundi: kitambaa cha mteja kilichobaki kikashonewa mtoto wa fundi, saruji ya tajiri iliyotoka na toroli jioni. Pitia michango: fedha ya rambirambi au ya harusi iliyopitia mkononi mwako ikafika imepungua. Pitia chama ulichokopa ukahama mtaa.

Ukimaliza kuandika, usianze na deni kubwa kuliko yote. Anza na lile unaloweza kulimaliza wiki hii. Si kwa sababu ni jepesi, bali kwa sababu anayeanza na zito hukwama, na akikwama huifunga karatasi moja kwa moja.

Nenda mwenyewe kwa miguu yako kama mtu anafikika. Ujumbe wa simu humwacha aliyekosewa na maneno yako bila uso wako, naye anaweza kuusoma akiwa msibani au kazini. Piga simu kwanza uombe nafasi: "Nina jambo langu nataka nikuone, ni la kukuomba radhi." Useme hivyo mapema, maana ukisema tu "nina jambo" atadhani unakuja kukopa au kudai, na atalala na wasiwasi. Usiende saa ya chakula, wala sokoni mbele ya wateja wake. Ukimwendea mzee au mkwe, desturi inakubali uende na mtu wa makamo. Shikamoo itangulie, kisha mzee uliyekwenda naye afungue mlango wa maneno, lakini kosa ulitaje wewe. Mwenzio akilitaja kwa niaba yako, umekwenda kuombewa, hujaungama.

Maneno yenyewe yawe machache. "Mwaka ule nikiwa mweka hazina nilichukua 150,000 ya kikundi, nikasema imepotea. Haikupotea. Nilikudanganya wewe na wenzako. Nimekuja kuomba unisamehe, na fedha hii hapa." Basi. Kinachoharibu ni viungo tunavyoongeza. "Kama nilikukwaza" linaweka shaka kwenye kosa lisilo na shaka. "Lakini na wewe" linageuza toba kuwa kesi. Maelezo marefu ya shida ulizokuwa nazo wakati ule yanamlazimisha aliyekosewa akuonee huruma kabla hajapata nafasi ya kuumia. Akikuuliza kwa nini, mjibu. Asipouliza, nyamaza. Na usimwambie kwamba Biblia inamtaka akusamehe. Inamtaka kweli, ila si kazi yako kumkumbusha.

Ukilipa kwa simu, weka na ya kutolea. Linaonekana jambo dogo, lakini ukimtumia mtu 180,000 tupu, unamfanya agharamie kuipata fedha yake mwenyewe. Na kama fedha ilikuja kwako kimakosa kwenye simu, hilo ni lile la Mambo ya Walawi 6 la kuokota kilichopotea. Hapa tahadhari inahitajika, maana matapeli wanalijua andiko hili kwa njia yao: anakutumia ujumbe wa uongo kwamba amekosea namba, kisha anakutaka umrudishie upesi. Angalia salio kwanza, si ujumbe. Ikiwa fedha imeingia kweli, usiitume kwa namba utakayotajiwa na mpigaji. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe muamala urudishwe ulikotoka. Mpaka hapo usiiguse.

Deni la serikali au la mwajiri lina utaratibu wake. Lipia kwenye akaunti rasmi, udai risiti yenye jina la taasisi. Usimkabidhi afisa bahasha mkononi, hata akikuhakikishia kwamba ataifikisha. Unaweza kumaliza kosa moja kwa kuanzisha jingine. Kwa mwajiri, ujue kwamba kuungama kunaweza kukugharimu kazi au kukufikisha kwenye sheria. Ongea na mchungaji na mtu anayeijua sheria kabla ya kwenda, ili ujue unachokubali. Ushauri huo ukichukua miezi sita, si ushauri tena.

Kama huna fedha, nenda vilevile. Hapa wengi hukosea wakidhani kwamba wasubiri mpaka wapate yote ndipo waungame, na miaka inapita. Ungama leo, kisha mwekee kwenye karatasi mpango unaoweza kuutimiza siku mbaya, si siku nzuri. Mtu anayepata ziada ya 60,000 kwa mwezi asiahidi 60,000. Aahidi 40,000, maana mtoto ataugua. Deni la 400,000 kwa 40,000 ni miezi kumi. Taja tarehe. Zaburi 15:4 inamsifu yule ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Mwezi ukikushinda, mpigie kabla ya tarehe, si baada.

Hapa linakuja swali la sadaka, na kwa hili sitaki kuzungukazunguka. Yupo Mkristo anayedaiwa mshahara na msichana wake wa kazi, na Jumapili anaahidi laki mbili za ujenzi wa kanisa huku akipigiwa makofi. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawasema watu waliotamka neno "Korbani" juu ya mali ambayo ingewasaidia baba na mama zao. Kwa kuitaja tu kuwa wakfu kwa Mungu, wazazi wakabaki bila msaada, na dini ikaonekana imeheshimiwa. Alisema walikuwa wakilitangua neno la Mungu. Ahadi ya ujenzi inayolipwa kwa ujira wa mtu mwingine iko kwenye mkumbo huo. Wachungaji wana sehemu yao: anayetangaza majina ya waliotoa nyingi, na hajawahi hata mara moja kusoma Mathayo 5:24 kabla ya kupitisha kapu, anawazoesha watu kuruka neno "kwanza".

Kuna madeni yasiyo ya fedha, na hayo yana ugumu wake. Uliyemsengenya humrudishii asilimia ishirini. Unachoweza ni kwenda kwa wale uliowaambia. Ulisema kwa watu wanne, wafuate wote wanne, uwaambie, "Nililosema juu ya fulani halikuwa kweli." Ulisema kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 60, kanusha kwenye kundi lilelile, si kwa ujumbe wa pembeni kwa aliyesemwa. Kipimo ni hicho: toba ienee kadiri kosa lilivyoenea, isipungue wala isizidi. Kuzidi nako kuna madhara. Ungamo la hadhara linaloingia kwenye dhambi za zinaa linamvua nguo mtu wa pili ambaye hakuchagua kusimama pale, na watoto wake wanasikia. Dhambi ya namna hiyo ipelekwe kwa waliohusika na kwa mchungaji, mlango ukiwa umefungwa. Na mwanamume asimfuate peke yake mwanamke aliyefanya naye uzinzi ati anakwenda kuomba radhi. Hiyo ni njia inayojulikana ya kurudi palepale.

Wala usimtume kwa haraka akapatane mtu ambaye agizo hili halimhusu. Soma tena: "ndugu yako ana neno juu yako." Anayetumwa na Mathayo 5 ni mkosaji. Mke aliyepigwa na mumewe hana agizo katika mistari hii la kurudi nyumba ileile akapatane, na mshauri anayemsomea mistari hii amemsomea barua ya mtu mwingine. Aliyekosewa anayo Mathayo 18:15-17, na hata humo ipo hatua ya mashahidi wawili au watatu, na ya kanisa, kwa sababu Bwana alijua kuna watu wasiosikia wakiwa peke yao. Mtoto aliyeharibiwa si jambo la kumalizana kifamilia kwa ng'ombe na soda. Hilo ni la polisi na hospitali, siku hiyohiyo, na mkosaji akitubu kweli atayasema hayohayo mbele ya hakimu.

Na akikataa kukusamehe? Itatokea. Mwingine atachukua fedha na kufunga mlango. Mwingine ataitupa chini. Mwingine atasema amesamehe, kisha asikusalimie mwaka mzima. Paulo anaandika katika Warumi 12:18, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote," na upande wako una mwisho. Ukishaungama, ukarudisha, ukaomba, usimfuatefuate ukidai urafiki wa zamani. Akikataa fedha, mwulize angependa iende wapi. Akisema hataki kusikia, mpe shahidi mnayemheshimu wote wawili akae nayo kwa muda, maana hasira nyingine hupoa. Aliyefariki ana warithi. Waulize wakubwa wa familia, si kijana wa kwanza utakayemkuta nyumbani. Asiyejulikana kabisa, kama abiria uliowazidishia nauli kwa miaka miwili, hana mlango wa kubishwa. Hapo ndipo Hesabu 5:8 inasaidia: kadiria, kisha uwape maskini bila jina lako kutangazwa, kwa kuwa fedha hiyo haikuwa yako kiasi cha kupongezwa kwa kuitoa.

Kila jina likimalizika, likate kwa mstari. La mwisho likikatwa, ichome karatasi yote, usiihifadhi kama kumbukumbu ya ushuhuda; ina mambo ya watu wengine ndani yake. Kisha beba ile sadaka uliyokuwa umeiacha, iwe elfu mbili au elfu ishirini. Bwana alisema "urudi uitoe". Ilikuwa bado inasubiri mbele ya madhabahu.